Nukta 16 Ambazo Hazikuwa Mezani

Leo siongelei siasa, wala msanii gani amemjibu nani. Leo ni hesabu. Wacha kukimbia, kaa hapo kidogo. Ukifika mwisho na uone nimekupotezea muda, nitukane kwa maoni, nimezoea.

Wiki jana usiku nilikuwa mezani na mdogo wangu, yuko Gredi ya 8. Alikuwa na zoezi la wanafunzi 10: saa walizosoma kwa wiki, na alama walizopata kwa mtihani. Alitakiwa achore grafu ya mtawanyiko, yaani ile ya nukta zisizounganishwa, halafu apitishe mstari mmoja ulionyooka katikati yake. Na maze, alichora. Skeli poa, nukta ndogo safi za penseli, mstari wa rula bila kutetemeka. Nikamwuliza, "Sasa hii grafu inasema nini?"

Akaniangalia kama mtu ameulizwa password ya benki. "Inasema nimemaliza. Aki niache nilale."

Nilicheka, lakini pia nilijiona. Nikiwa sekondari, swali la grafu kwenye karatasi ya pili ndilo lilikuwa langu la kuokota alama. Unajaza jedwali, unachagua skeli nzuri unapata S1, unaweka nukta unapata P1, unapitisha mstari unapata L1, unafungua ukurasa unaofuata. Sikumbuki hata siku moja nikiulizwa hizo nukta zilitoka wapi, nani alizichagua, na ni gani zilizoachwa nje.

Hilo swali la mwisho, la zilizoachwa nje, ndilo nimekuja nalo leo. Limenisumbua tangu nisome habari ya mkutano mmoja wa simu uliofanyika Marekani usiku wa tarehe 27 Januari 1986. Lakini kabla tufike huko, turudi nyuma kidogo, kwa sababu hii kitu tunaiita grafu haikuanguka kutoka mbinguni pamoja na kitabu cha hesabu.

Mtu wa kwanza, na data iliyokosekana

Zaidi ya miaka 200 iliyopita, serikali na wafanyabiashara wa Uingereza walikuwa na takwimu nyingi, lakini zilikaa kwenye majedwali. Safu juu ya safu ya namba. Mwaka wa 1786 Mskoti mmoja anaitwa William Playfair akatoa kitabu London, *The Commercial and Political Atlas*, akazichora. Miaka ikalala kwenye mhimili wa chini, pesa zikasimama kwenye mhimili wa pembeni. Mstari mmoja ulikuwa wa bidhaa zilizoingia nchini, mwingine wa zilizotoka. Pale mistari inapoachana, unaona kwa jicho moja nchi inapata au inapoteza.

Kuna kitu nimependa sana hapo. Kwa Scotland, Playfair hakuwa na takwimu za miaka mingi. Alikuwa na za mwaka mmoja tu. Mstari wa mwaka mmoja utauchoraje? Hauwezi. Ikabidi achore pau, kila nchi iliyofanya biashara na Scotland na pau zake. Na hakuficha, alisema wazi kwamba amefanya hivyo kwa kukosa takwimu. Yaani grafu ya pau, ile watoto wetu wanafunzwa mapema kabisa shuleni, iliingia kitabuni kwa sababu ya data ambayo haikuwepo. Shikilia hilo wazo, tutalirudia.

Lakini grafu za Playfair zilifuata saa na kalenda. Mwaka huu, mwaka ujao, unaunganisha. Grafu ya mtawanyiko ni kiumbe tofauti. Inachukua vitu viwili ulivyopima na kuuliza: hivi viwili vinatembea pamoja ama kila mmoja na njia yake?

Mmoja wa waliotangulia kufikiria hivi ni mwanaastronomia John Herschel. Mwaka wa 1833 alichapisha kazi kuhusu nyota pacha, zile mbili zinazozungukana. Vipimo vyake vilikuwa vimekusanywa miaka mingi na watu tofauti, na vingi vilikuwa na makosa. Angeunganisha nukta moja hadi nyingine angepata mstari wa mlevi. Badala yake aliweka nukta zote kwenye karatasi, akapitisha mkunjo laini katikati yake kwa jicho na mkono, akauamini huo mkunjo kuliko nukta yoyote moja. Mdogo wangu alipopitisha rula yake usiku ule, alikuwa anafanya kazi ya ukoo huo huo.

Halafu akaja Francis Galton. Mwaka wa 1886 alichapisha vipimo vya urefu wa wazazi 205, mume na mke, pamoja na watoto wao 928 waliokwisha kuwa watu wazima. Akapata kwamba wazazi warefu huzaa watoto warefu, lakini kwa wastani si warefu kama wazazi wenyewe. Wazazi wafupi nao, watoto wao kwa wastani huwapita kidogo. Akaita jambo hilo kurudi kuelekea wastani, na hesabu inayotumika leo kwenye kompyuta kupata mstari wa katikati bado inabeba jina alilolipa.

Sasa wacha niseme ukweli wote. Huyu Galton ndiye huyo huyo aliyebuni mwaka wa 1883 jina la ile fikra chafu kwamba watu "bora" wahimizwe kuzaa na wengine wazuiwe. Kwenye kitabu chake cha 1869 alipanga mbari za watu kwa ngazi, na sisi Waafrika akatuweka chini ya Wazungu. Mtu anaweza kuwa hodari wa nukta na bado aanze na jibu moyoni kabla ya kupima. Grafu nzuri haimzuii. Kwa hivyo ukimfunza mtoto kuchora bila kumfunza kuuliza, umempa nusu ya kitu.

Usiku wa simu

Turudi 1986. Chombo cha angani cha Marekani, Challenger, kilikuwa kiruke kesho yake kutoka Florida na watu 7 ndani. Mmoja wao alikuwa Christa McAuliffe, mwalimu wa sekondari kutoka New Hampshire, ambaye angefundisha masomo kutoka angani. Kwa sababu yake, shule nyingi zilikuwa zimepanga kuwasha televisheni darasani.

Pembeni mwa chombo kulikuwa na roketi mbili kubwa za kukisukuma. Roketi hizo zilitengenezwa vipande vipande Utah na kampuni ya Morton Thiokol, halafu zikaungwa Florida. Kwenye kila maungio kulikuwa na pete mbili za mpira, kipenyo karibu mita 3.7, unene takriban milimita 7 tu. Kazi yake ni moja: kuzuia gesi ya moto isipenye. Kila baada ya safari, roketi hizo zilishuka baharini kwa miavuli, zikavutwa, zikafunguliwa, na pete zikakaguliwa. Safari nyingine pete zilikuwa safi. Nyingine zilikuwa zimeliwa na moto kidogo, ama kulikuwa na masizi yaliyopenya.

Safari ya Januari 1985 ndiyo ilikuwa ya baridi kuliko zote hadi hapo, nyuzi 12 hivi za Selsiasi, na masizi yake ndiyo yaliwatisha wahandisi. Mmoja wao, Roger Boisjoly, aliandika barua ya ndani Julai 1985 kuonya kwamba pete hizi zinaweza kusababisha maafa na vifo.

Sasa usiku huu wa Januari 1986 Florida ilikuwa inaganda. Wahandisi wa Thiokol wakapiga simu ya pamoja na watu wa NASA, wakatuma karatasi zao kwa faksi, wakasema: msiruke kukiwa na baridi chini ya nyuzi 12.

Watu wa NASA wakauliza ushahidi. Na hapo ndipo hesabu ya Gredi ya 8 iliingia chumbani. Mazungumzo kuhusu joto yalizunguka zile safari ambazo pete zilipata madhara. Kulikuwa na ile ya nyuzi 12, sawa. Lakini kulikuwa na nyingine, ya Oktoba 1985, iliyoruka kukiwa na nyuzi 24, joto la kutosha kuvaa kaptula, na pete zake pia zilikuwa na masizi. Basi hoja ikawa: kama inaharibika kwa baridi na inaharibika kwa joto, basi joto halihusiki. Viongozi wa Thiokol wakaomba dakika chache wajadiliane pembeni. Zikawa karibu nusu saa. Waliporudi kwenye simu, msimamo ulikuwa umebadilika, dhidi ya wahandisi wao wenyewe. Rukeni.

Asubuhi ya tarehe 28, hewa ikiwa kama nyuzi 2, Challenger iliruka. Baada ya sekunde 73 ilisambaratika mbele ya kamera. Wote 7 wakafa, na watoto darasani wakiangalia.

Chora mwenyewe

Chukua karatasi. Kweli, chukua, nyuma ya risiti pia ni sawa. Mhimili wa chini weka joto, kutoka nyuzi 0 hadi 30. Mhimili wa kusimama weka idadi ya madhara kwenye pete, kutoka 0 hadi 3.

Kabla ya Challenger kulikuwa na safari 24. Roketi za safari moja zilizama baharini zikakosa kukaguliwa, kwa hivyo tunabaki na 23. Kati ya hizo, 7 zilikuwa na madhara. Anza na hizo 7 peke yake. Utaweka nukta kwenye nyuzi 12, 14, tena 14 na kidogo, 17, halafu mbili kwenye 21, na moja kwenye 24. Ya kushoto kabisa iko juu, ya kulia kabisa iko juu kiasi, za katikati ziko chini. Inakaa kama mdomo unaotabasamu. Ukiulizwa mtihanini, utaandika "hakuna uhusiano wazi" na utapewa alama yako.

Sasa ongeza zile 16 ambazo pete zake zilikuwa safi. Zote zinakaa kwenye mstari wa sifuri, chini kabisa. Lakini angalia ziko wapi kwa upana. Hakuna hata moja iliyo chini ya nyuzi 18. Zote 16 zimejazana upande wa kulia, kwenye joto.

Hesabu tena. Safari zilizoruka chini ya nyuzi 18 ni 4, na zote 4 zilipata madhara. Safari zilizoruka juu ya nyuzi 18 ni 19, na zilizopata madhara ni 3, karibu asilimia 16. Lile tabasamu limeyeyuka. Ile nukta ya nyuzi 24 iliyowachanganya watu ni moja kati ya umati wa safari za joto zilizokuwa salama.

Halafu weka kidole kwenye nyuzi 2, pale Challenger iliporukia. Kidole chako kiko peke yake. Nukta iliyo karibu zaidi ni ile ya nyuzi 12, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Hata kama hujui chochote kuhusu roketi, unaona unaenda mahali ambapo hakuna mtu amewahi kwenda, na kila hatua ya kuelekea huko hali imekuwa ikizidi kuwa mbaya.

Tume iliyochunguza ajali ilichapisha ripoti yake Juni 1986, na ndani yake iliweka grafu hizo mbili pamoja: ya safari zenye madhara peke yake, na ya safari zote. Ukiziona huhitaji kuelezwa na mtu. Mwanafizikia Richard Feynman, aliyekuwa kwenye hiyo tume, alikuwa tayari ameonyesha sababu yenyewe mwezi wa Februari: alibana kipande cha ule mpira, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu, akakiachilia mbele ya kamera. Kilikawia kurudi umbo lake. Mpira wa pete ukiwa baridi haufuniki nafasi kwa haraka inayotakiwa. Grafu ilionyesha kwamba vitu viwili vinatembea pamoja, glasi ya maji ikaonyesha kwa nini. Mtoto anahitaji zote mbili, kwa sababu vitu viwili vinaweza kutembea pamoja bila kimoja kuwa baba wa kingine.

Na nisieleweke vibaya. Sisemi wahandisi hawakujua hesabu. Hao ndio waliosema msiruke. Walikuwa na saa chache, walikuwa wanabishana na wakubwa, na takwimu za joto za safari zote hazikuwa zimepangwa mbele yao. Walikuwa na jibu sahihi lakini hawakuwa na nukta za kulitetea. Mwenye kuamua naye hakuuliza, "Na zile safari zilizorudi salama, zilikuwa kwenye joto gani?" Swali moja. Mtoto wa miaka 13 anaweza kuliuliza.

Mimi pia nimefanya hivyo

Kabla hujanicheka kwa kuhukumu watu wa NASA nikiwa kwa kiti cha plastiki, acha nikiri. Mwaka jana nilikaa nikaangalia video zangu zilizopaa. Zote niliziweka jioni. Nikawaambia watu hapa hapa, kwa ujasiri wote, "Siri ni jioni." Baadaye nikaamua kuziweka zote kwenye karatasi, hata zile zilizotazamwa na mimi na mama. Kumbe zilizofeli pia zilikuwa za jioni! Karibu kila kitu changu ni cha jioni, kwa sababu jioni ndio mimi huwa na bando. Nilikuwa nimeangalia washindi peke yao nikajiona mtaalamu.

Na angalia vile tunapokea takwimu kila siku. Mnakumbuka 2020, wakati wa korona, tulisubiri zile taarifa za kila mchana? Walikuwa wanasema watu kadhaa wameambukizwa, kutoka kwa sampuli kadhaa zilizopimwa. Sisi tulishika namba ya kwanza tukakimbia nayo WhatsApp. Namba ya pili tuliiacha hewani. Lakini siku ambayo sampuli zimepungua, wagonjwa wapya pia wanaweza kupungua bila ugonjwa kupungua. Ni nukta zile zile ambazo hazijaletwa mezani.

Sasa, shuleni

Najua walimu wa hesabu watanijibu. Silabasi ni ndefu, darasa limejaa, karatasi za grafu mtoto anaambiwa anunue, na bado unataka nifundishe historia ya roketi? Mwalimu wangu, nakuelewa. Sisemi uongeze somo. Naomba sentensi moja tu chini ya zoezi, baada ya S1 na P1 na L1: *Ni nani hayuko kwenye hii grafu, na angekuwepo, mstari wako ungehama?* Haihitaji maabara wala tableti. Na mtoto akijibu vizuri, mpe alama, kwa sababu sisi Wakenya tunajuana, kisicho na alama hatusomi.

Sababu yangu ni hii. Wengi wa hawa watoto hawatachora grafu kwa mkono tena wakimaliza shule. Simu itawachorea. Lakini wataonyeshwa grafu maisha yao yote: na mtu anayeuza mbolea, na mtu anayetafuta kura, na programu ya mkopo, na mimi hapa. Kila mmoja wetu anakuja na nukta alizochagua.

Kesho yake nilimrudia mdogo wangu. Nilimsimulia kisa chote cha Challenger tukinywa chai, akachora zile nukta 7, halafu 16, akanyamaza muda mrefu kwa mtoto wa umri wake. Kisha akavuta daftari lake la zoezi la wanafunzi 10, saa na alama. Nikamwuliza swali langu: nani hayuko hapa?

Akafikiria. "Wale hawakufanya mtihani."

Nikamwuliza ni kina nani hao.

"Si kwa darasa letu kuna wawili walitumwa nyumbani fees wiki ya mtihani," akasema. "Mmoja husoma kuniliko."

Akachukua penseli, akaweka alama ndogo ya kuuliza upande wa kulia wa grafu, kwenye saa nyingi, mahali ambapo hakukuwa na nukta. Sijui mwalimu atampa ngapi kwa hiyo. Nyinyi mngempa ngapi? Niandikieni hapo chini, na kama uko na mtoto wa gredi ya 7 hadi 9 hapo nyumbani, mwulize hilo swali leo usiku kisha uniletee jibu lake.